Aliyeitika "Mmm"

"Mmm."

Sauti hiyo tu. Si neno, si jina, na hata sijui kama ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke. Leo ni Jumamosi, mvua inapiga bati tangu asubuhi, na katikati ya kelele zote hizi bado naisikia.

Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, mchana. Nilikuwa na malaria, nimejilaza chumbani, dawa zimenilegeza viungo. Mama yuko Ipyana anamuuguza bibi, kwa hiyo nyumba yetu hii ya kando ya barabara ya Itungi ameniachia mimi. Mlango wa uani ulikuwa wazi, kama unavyokuwa wazi mchana kutwa tangu nizaliwe. Nikasikia mtu anaingia. Nikajua ni mama mdogo Subilaga, anayeishi nyumba ya nyuma, maana alisema ataniletea uji.

"Mama mdogo, ni wewe?" niliuliza bila kufumbua macho.

"Mmm."

Nikageukia ukutani, nikalala.

Nilipoamka, kompyuta yangu haikuwa mezani. Simu, niliyokuwa nimeiweka kando ya mto, haikuwepo.

Kando ya mto. Pale ninapoweka kichwa.

Kompyuta nimeililia kama mtu anavyolilia kitu: maandalio yangu yote ya kufundishia yalikuwa humo. Simu ni jambo jingine. Ili kuichukua, mtu alisimama juu yangu, akainama, pengine akabana pumzi kusikiliza zangu. Na mimi ndiye niliyemruhusu. Nilimuuliza, akaitika, nikampa kisogo.

Halafu kuna zile alama za ndala. Nje ya kizingiti palikuwa na alama mbili za matope, pua zake zikielekea ndani. Sakafuni hapakuwa na hata tone. Mwizi alivua viatu mlangoni, kama tunavyofanya sote hapa.

Mama mdogo alipoziona alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyu kalelewa huyu! Angekuta vyombo vichafu, angekuoshea." Majirani wakacheka. Nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kizingitini. Wote waliokuwa wanacheka walikuwa wamevua ndala zao pale pale.

Siku iliyofuata nilijikokota mpaka mjini. Nikaandikisha polisi, nikarudisha laini yangu, nikaazima simu ya mwalimu mwenzangu na kubadilisha nywila zote, moja baada ya nyingine. Simu iliyoibiwa haikuwa na nywila yoyote. Niliiondoa mwenyewe, kwa sababu mama mdogo alikuwa akiichukua kumpigia mama na alichoka kuniita nimfungulie. Kwa hiyo huyo mtu ana picha zangu. Anaujua uso wangu nikiwa macho na nikiwa usingizini.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeinuka kwenda kuangalia mlango.

Tangu siku hiyo nasikiliza watu kwa namna isiyo nzuri. Sokoni nilimuuliza muuza mchele kama ni wa msimu huu, akaguna "Mmm" huku akifunga mfuko, nikaondoka bila mchele. Kanisani kwaya ilipoanza kuimba kwa midomo iliyofungwa, nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu. Watu walidhani homa imerudi.

Na kuna hili, ambalo sijamwambia mtu. Alhamisi nilimuuliza mama mdogo maswali ya kipuuzi, moja baada ya jingine, nikimtega aitike bila kufungua mdomo. Umekula? Mvua itaendelea? Mama atarudi wiki ijayo? Akaitika. Haikuwa sauti ile. Nadhani haikuwa ile. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, na mimi nimekaa mbele yake nikimpima kama mshukiwa.

Kaka yangu Lusajo, aliye Mbeya, amekuwa akipiga kila jioni kwenye simu ndogo niliyonunua. "Funga nyumba, uje ukae hapa. Unamlindia nani?" Jana nilipanga nguo kwenye begi. Nilipomaliza nilikaa kitandani nikaliangalia. Nikiondoka sasa, nitarudi lini? Nitaogopa mlango huu mpaka nizeeke, na mama atarudi kutoka Ipyana akute nyumba yake imehamwa kwa sababu ya mguno mmoja.

Leo asubuhi, badala ya kwenda stendi, nilikwenda kwa fundi.

Alikuja na komeo la chuma na skrubu ndefu, akapapasa fremu ya mlango wa uani.

"Unataka kufunga kwa ndani? Usiku?"

"Na mchana."

Alinitazama. "Mchana! Dada Atupele, watu watasema unaringa."

"Waseme."

"Watasema unapika nyama kwa siri."

Nilicheka kweli, mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Akalifunga komeo, akaning'inia mlangoni kwa uzito wake wote kunionyesha kwamba limeshika. Alipoondoka nililifunga na kulifungua mara nyingi, kama mtoto. Kisha nilimpigia Lusajo kumwambia kwamba siji, nikatoa nguo kwenye begi.

Mchana huu mvua ilipozidi, mlango wa uani ulisukumwa. Haukufunguka. Ukasukumwa tena, kwa nguvu.

Nilisimama katikati ya sebule.

"Nani?"

"Mimi."

Nilimtambua. Mtu yeyote angemtambua. Lakini nilikuwa nimeshaamua, na nilijua kwamba nikilegea kwa huyu, nitalegea kwa kila atakayeguna.

"Mimi nani?"

Maji yalimwagika kutoka kwenye bati.

"Atupele. Tangu lini unaniuliza mimi jina?"

"Tangu leo, mama mdogo. Naomba uniambie tu."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Subilaga," alisema, taratibu, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. "Mdogo wa mama yako. Nimeloa, na ndizi zangu zimeloa. Ndaga fijo, mwanangu, asante sana kwa kunikaribisha."

Nikafungua. Alivua ndala, akaingia, akalipapasa lile komeo jipya. Sikuweza kumtazama usoni.

"Na mimi mchana silali tena tangu siku ile," alisema, akiziweka ndizi mezani. "Huyo fundi bado yuko hapa mtaani?"

Nilimwambia yuko. Kisha nikarudi mlangoni nikafunga komeo, sisi wote wawili tukiwa ndani.