Kaburi la Mwisho wa Jukwaa

Jumatatu, 4 Machi 2019

Kaburi la mwisho wa jukwaa halina mtu. Nimelificha hilo miaka hamsini na miwili, na daktari sasa ananihesabia miezi. Basi naandika. Mbah Rekso, yule babu walii wa stesheni yetu ya Rawajambe, anayemwagiwa maua kila Alhamisi jioni — nilimtunga mimi. Hata jina. Watu waliona tuta na jiwe, wakaniuliza ni nani. Nilikuwa mkuu wa stesheni; mkuu hasemi hajui.

Leo wamebandika ramani ya stesheni mpya. Majukwaa marefu, ngazi za umeme, vyoo vya kukaa. Jengo la Waholanzi litabaki, lipakwe chokaa tu. Kaburi haliguswi — mafundi wamekataa katakata. Kwa hiyo ngazi zimepindishwa kulikwepa, zikaangukia palipo kibanda cha biashara cha Tumirah.

Jumatano, 6 Machi

Tumirah kaniletea uji, kama kila asubuhi tangu mke wangu afariki. Anakaanga tempe, vile vipande vya soya, mlangoni pa stesheni mwaka wa thelathini huu. Hana riziki nyingine. Nikamchokoza: si wahamishe kaburi, wakuachie kibanda?

"Pak Darsono, homa imekupanda kichwani? Miaka saba sikushika mimba. Nikamfagilia Mbah siku arobaini, nikapata mtoto. Leo nimfukuze kwa ajili ya karai la mafuta?"

Mtoto mwenyewe anaitwa Rekso. Ana kitambi, anaendesha treni. Mama huyu nimwambie nini?

Uji niliumaliza. Aibu haikunizuia.

Ijumaa, 8 Machi

Mhandisi wa stesheni mpya, binti mmoja aitwaye Ratri, kaja kukusanya historia ya stesheni. Nilimpa ya kweli: mafuriko, treni za makaa, siku watu walipopanda juu ya mabehewa kwa kukosa nafasi ndani. Kisha akauliza:

"Na Mbah Rekso, Babu? Aliishi zama zipi?"

Nikakohoa. Kikohozi changu siku hizi kinaaminika.

"Wanasema alisimamisha treni kwa mkono."

"Wanasema mengi."

Akaliandika hilo. Vibanda vinavunjwa Jumatatu. Angepata mtu wa kuthibitisha kaburi ni tupu, alisema, angezinyoosha ngazi kwa mchana mmoja. "Lakini nani athubutu?" Akacheka. Nikacheka naye — mnafiki mkubwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda. Rekso kanisukuma kwenye kiti cha magurudumu, akilalamika kwamba treni ni nyepesi kuliko mimi. Ratri alikuwepo, anapima. Tumirah anafagia kaburi, anaaga.

"Tum, weka ufagio. Humo hamna mtu."

Akaligeukia jiwe. "Mbah, msamehe. Uzee huo."

"Mimi ndiye niliyelichimba."

Ratri akaacha kupima. Tumirah hakuweka ufagio. Aliushika kwa mikono miwili, na mimi niko karibu.

"Kwa hiyo nilikuwa namwomba nani?"

"Sijui, Tum. Aliyekusikia alikusikia. Lakini si hapa."

"Basi humo mna nini?"

Nikamwambia: Mchana mmoja nilisinzia zamuni, geti la reli sikulishusha, treni ikapita. Humo mna mbuzi wa baba yako aliyegongwa, nikamfukia kuficha kosa langu — yule ambaye jirani yenu Pak Karjo aliitwa mwizi wake mpaka akahama mtaa, nami nikamsaidia kubeba mizigo.