Saa ya Mazishi Niliyoiandika

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa umekaa, na goti lako limetulia. Mbuzi yule mwekundu ameshazaa? Na ukuta wa jikoni, baba mdogo aliuziba, au bado anasema kesho? Mimi mwili ni mzima. Nakula, ingawa chakula hakina ladha, na kazini nakwenda kila siku.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Barua hii nitampa mwalimu wa hesabu anayekwenda Dodoma kwa ruhusa, naye ameahidi kuifikisha stendi ya Kondoa. Mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu. Nikiisikia sauti yako nitalia, na nikilia sitasema ukweli wote. Mama, kuna mtu amekufa kwa sababu ya jambo nililoliandika mimi.

Nianze mwanzo. Unakumbuka nilikuambia mwalimu wa kompyuta alihamishwa, na Mkuu wa Shule akanipa mimi klabu yake, kwa vile karani ndiye mwenye kompyuta. Klabu ile inawafundisha wanafunzi usalama wa mtandao, kisha wao wanakwenda kuwafundisha watu wa kijijini. Huku Ruangwa simu za kupangusa zimeingia kila nyumba, na matapeli wameingia nazo. Niliogopa kukataa, na niliogopa kukubali. Nilikubali.

Nikaipenda, Mama. Kila mwanafunzi alipewa nyumba tatu. Katibu wao ni Rehema, wa kidato cha tatu, msichana mwembamba ambaye daftari lake halina mkunjo. Yeye ndiye aliyetuletea Mzee Nambole. Mzee huyu ni Mmwera, mkulima wa korosho, mjane, na kijiji kizima kinamjua kwa maneno yake. Binti yake wa pekee, Somoe, aliyeolewa Lionja, upande wa Nachingwea, aliuza ufuta wake akamnunulia baba simu ili waonane sura. Mzee akaja nayo ofisini ameifunga kwenye leso.

"Karani, nifundisheni. Huyu mtoto kaniletea redio isiyo na kitufe."

Rehema akamweleza kwamba neno la siri liwe kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukibahatisha, si jina la mtoto wala la mke. Mzee akafikiri.

"Basi andika Saidi. Saidi Myao wa Mkotokuyana."

"Ni nani huyo, babu?"

"Mtani wangu, mwizi mkubwa. Hakuna atakayebahatisha kwamba nimemweka moyoni!"

Tulicheka mpaka Mkuu akachungulia dirishani. Nakuandikia hili ili ujue tulikuwa watu wa namna gani kabla ya Alhamisi ile.

Tulipanga mkutano wa kijiji siku ya Ijumaa, baada ya swala. Wanafunzi walitaka kuwaonyesha watu jinsi habari ya uongo inavyoaminika. Mwanafunzi mmoja akashauri tusome tangazo la msiba wa mtu aliye hai, halafu mtu huyo asimame katikati ya watu. Mimi nikasita. Nilikukumbuka wewe, ulivyonipiga kofi nilipokuwa na miaka saba kwa kusema bibi kafa, kwa mzaha. Lakini Mzee Nambole alikuwepo, akaruka.

"Niueni mimi! Saidi nitamwalika. Nataka nimwone akilia kabla hajanikuta nimesimama."

Huku, Mama, utani si mchezo mdogo. Mtu akifa, watani wake ndio wanaokuja kuchekesha waliofiwa, wanamwigiza marehemu, na wengine hulala kaburini mpaka wapewe chochote. Mzee aliona ni utani mzuri kuliko wote, kumtania mtani wake kwa kifo chake mwenyewe. Nikaona, kama mwenyewe amekubali, mimi ni nani.

Tangazo nililichapa mimi. Wanafunzi walikuwa wameandika mistari miwili tu, "Mzee Nambole amefariki, wajulishe wengine." Nikaona halijakamilika. Unanijua, Mama, siwezi kuacha tangazo bila mahali na bila saa. Nikaandika jina lake lote, mahali, na mwisho nikaweka: "Mazishi ni leo, saa kumi alasiri." Nilipolisoma tena nililiona zuri. Naona aibu kukuambia hivyo, lakini ndivyo nilivyoona.

Alhamisi saa nne asubuhi nikalituma kwa simu yangu kwenda simu ya mama yake Rehema, kwa sababu Rehema hutumia simu hiyo, na alitakiwa kufanya mazoezi ya kulisoma jioni. Sikuandika kwamba ni la mazoezi. Rehema alijua, nami nikadhani anayejua ndiye atakayesoma.

Mama yake alikuwa shambani, kwenye kibanda chao cha korosho, mbali na kijiji. Simu ilikuwa naye. Alisoma akalia, kisha akafanya alichofundishwa tangu utoto. Huku habari ya msiba haikaliwi. Ukiipata ukakaa nayo, ndugu wakakosa kuzika, ni doa ambalo hata watoto wako wanaweza kuulizwa. Tulikuwa tumemfundisha mwenyewe, katika nyumba yake, kwamba asisambaze jambo kabla ya kulithibitisha. Baadaye aliniambia, "Karani, mimi nilidhani mnasema habari za siasa na za matapeli. Msiba nao unathibitishwa?" Katika masomo yote hatukuwahi kuutaja msiba.

Basi akamtumia kila ndugu aliyekuwa na namba yake, na mmoja wao yuko Lionja, kwa kina Somoe.

Mimi sikujua lolote. Kama saa tisa nikasikia vilio barabarani. Wanawake walikuwa wanapita na mikeka, wengine na unga kichwani, wanaelekea kwa Mzee Nambole. Nikawafuata mbio. Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda anachambua korosho. Mwanamke wa mbele aliangusha ungo. Wengine wakarudi nyuma wakipiga yowe.

"Mnalia nini?" akauliza. "Nani kafa?"

"Wewe!"

Mama, tulicheka, na mimi nilicheka. Nilielewa kosa langu, lakini nikajiambia kwamba limekwisha salama. Saidi naye akafika kwa pikipiki kutoka Mkotokuyana, macho mekundu, akasimama mlangoni.

"Nambole! Huko nako wamekukataa?"

"Wamesema nikulete wewe kwanza, wana upungufu wa wezi!"

Watu wakagaagaa chini kwa kicheko. Kisha Mzee akaacha kucheka, akaniangalia.

"Karani, simu yangu. Somoe asije akasikia huko akaogopa."

Simu yake ilikuwa ofisini. Aliniachia asubuhi niichaji, maana sola yake imeharibika. Nikaiweka kwenye droo yangu, nikauzima mlio kwa sababu Mkuu hapendi simu ziite ofisini, nikafunga kwa ufunguo. Ninavyofanya siku zote, kwa uangalifu.

Nilikimbia. Nilipofungua droo ilikuwa inawaka. Simu kumi na moja zisizopokelewa, zote za Somoe, na ujumbe mmoja wa sauti. Kwa hiyo yeye alithibitisha, Mama. Alifanya yote tuliyokuwa tukifundisha. Alipiga mara kumi na moja, na simu ya baba yake ilikuwa kwenye droo yangu.

Nikampigia. Akapokea mwanamume nisiyemjua. Akaniuliza kama mimi ni ndugu. Alisema yuko barabarani, kati ya Nachingwea na Ruangwa, na mwenye simu ameanguka na bodaboda penye mchanga. Nikamuuliza hali yake. Akasema, "Dada, mtafute mwanamume wa familia nizungumze naye."

Dereva wa bodaboda alivunjika mguu lakini yuko hai. Anasema alimwambia Somoe mara mbili kwamba mwendo umezidi. Somoe akamjibu, "Kimbiza kaka, saa kumi wanazika, nitakuta wameshafukia." Mama, kama nisingeandika ile saa, angesubiri gari la kesho asubuhi, na kabla ya asubuhi angesikia baba yake yu hai. Hilo ndilo linaloniamsha.

Tulimzika Ijumaa, muda ule ule tuliopanga kufanya mkutano wetu. Watani walikuja wote, na hakuna aliyetania. Saidi alikaa chini karibu na Mzee Nambole, ameushika mkono wake kama mtu anayemvusha mtoto barabara, mpaka udongo ukaisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata Mungu namficha. Usiku ule wa Alhamisi niliufuta ule ujumbe, kwangu na kwenye simu ya mama yake Rehema. Ni mimi niliyewafundisha wanafunzi jinsi ya kufuta. Jumatatu Mkuu wa Shule akaiita klabu, akauliza nani aliandika tangazo lile. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika daftari la mahudhurio. Rehema akaniangalia. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa ananisubiri niseme. Nikageuza ukurasa wa daftari. Basi akainamisha kichwa.

"Mimi ndiye katibu, mwalimu."

Alisimamishwa masomo mpaka bodi ya shule itakapokaa, na wengi wanasema atafukuzwa. Hata mama yake aliamini wanafunzi ndio walioliandika tangazo, mimi nimelituma tu. Barua ya kumsimamisha niliichapa mimi, Mama. Nikaangalia tarehe, nikaangalia jina, nikagonga mhuri. Haikuwa na kosa hata moja.

Siku tisa nilikaa hivyo. Nilikuwa nawaza mshahara wangu, ada ya mdogo wangu, na wewe unavyowaambia majirani kwamba mwanao ni karani wa serikali. Nilikuwa nawaza pia polisi. Kisha jana asubuhi Mzee Nambole akanitumia mtu. Nilikwenda nikidhani amejua.

Alikuwa ameshika simu. Amekonda, Mama. Akasema, "Karani, mtoto aliniachia sauti humu. Kila nikiigusa inakimbia. Mmenifundisha kuwaogopa wezi, hamkunifundisha hii."

Nikamwambia afungue. Akaandika jina la Saidi, herufi moja moja. Nikamwonyesha pa kugusa. Akagusa mwenyewe. Kulikuwa na upepo, na injini ya pikipiki ikiunguruma imesimama, halafu sauti ya Somoe:

"Baba, huku wanasema umekufa. Mimi nimewaambia baba yangu anatania tu. Pokea basi, baba, unitukane nirudi nyumbani."

Alisikiliza mara tatu. Alitamka maneno ya Kimwera nisiyoyajua. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, sikumbuki nilipiga saa ngapi. Nikamwambia yote: saa niliyoiandika, droo, ujumbe nilioufuta, Rehema.

Kuku wakaja wakala korosho zilizokuwa kwenye ungo, na hakuwafukuza. Nilitamani anipige. Mwishowe akasema, "Niueni mimi, nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nilitaka kumliza Saidi. Wewe uliandika, mimi nilicheka. Hilo tutalibeba sisi wawili, na sikuahidi kwamba nitakusamehe. Lakini yule mtoto wa watu asibebe jeneza letu. Nenda kwa mkuu wako."

Sijui kama atanisamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Jana hiyo hiyo nilikwenda kwa kina Rehema, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama yake hakunikaribisha kuketi. Rehema aliniuliza jambo moja tu, "Utasema kweli, Madam, au unatuambia sisi?" Nimechapa maelezo yangu yote kurasa mbili, nikaweka sahihi, na leo kabla sijaanza barua hii nimeyakabidhi mkononi mwa Mkuu. Alisoma amesimama. Akaniambia nisubiri bodi, Jumatatu, na nikabidhi funguo za ofisi. Nimezikabidhi. Sijui watanifanya nini. Naogopa sana, Mama, lakini leo nimeweza kumaliza chakula.

Nilitaka uisikie habari hii kwangu, kwa mwandiko wangu, kabla haijakufikia kwa simu ya jirani ikiwa imeongezwa mengine. Usiwaambie majirani kitu ambacho si kweli kwa ajili yangu. Wakiuliza, sema mwanao alikosea na amekiri.

Msalimie bibi, na umwambie lile kofi ulilonipiga kwa ajili yake nimelielewa leo. Msalimie baba mdogo, fundi wa kesho. Msalimie shangazi wa sokoni anayeniwekea ubuyu, na mdogo wangu, umwambie asome hata ikichelewa ada. Mwombee Somoe katika swala zako, kwa jina lake. Mwombee na baba yake.

Na jambo la mwisho, Mama. Ukisikia lolote juu yangu, hata likiwa limeandikwa vizuri, lina mahali na saa, usipande gari. Nipigie. Usiponipata, nipigie tena. Simu yangu nimeiwekea mlio mkubwa, nalala nayo mkononi. Nitapokea.

Mimi mwanao,
Tatu