Kofi la Nane

Jumapili, 7 Julai 2024

Noa kasomwa tena redioni. Mdogo wangu, mwalimu wa Pangani, siku hizi malenga! Shairi la utoto: korosho za kuchoma, maji ya mvua yakigonga sufuria, kuteleza na kuti kwenye kilima nyuma ya kambi ya mkonge. Mama kashangilia mpaka kamwaga chai.

Utoto upi? Siku za kilima kile Noa alikuwa mgongoni kwa mama, hana hata jino. Aliyeteleza ni mimi. Na ule wimbo wa kuti aliouingiza humo, mama alinitungia mimi.

Kuna jambo hapa.

Jumatatu, 8 Julai

Dukani kumepoa, hata misumari haitoki. Nikapata nafasi ya kufikiri. Kiwanja cha Pongwe! Nilikinunua mwenyewe, nikaandikisha jina la mama — ujinga wangu. Kwanza anachukua utoto, kisha ardhi. Wasomi hao!

Jioni nimemuuliza mama juujuu tu, nani alikuwa anateleza kule kambini. Noa, kasema. Na mimi je?

"Wewe ulikuwa huchezi, mwanangu. Wewe ulikuwa na kazi."

Sikula.

Jumatano, 10 Julai

Kipindi kimerudiwa. Safari hii nimesikiliza kwa vidole. Kila kipande mizani nane, nane, nane, kama tofali za mashine. Halafu:

*Noa teleza kuti*

Saba! Nikarudia. Saba. Weka Devota hapo: nane kamili. Jina langu limeng'olewa na shimo halikuzibwa.

Nikampigia. Nikamwambia mwizi mwenye akili hufagia nyayo zake, na kiwanja changu akisahau. Akacheka kidogo. Eti si yeye. Eti mama ndivyo anavyouimba tangu Pasaka, yeye kaandika alivyosikia. Kuziba angeweza, "lakini dada, ningeziba na nini?" Kiwanja hakitaki, hata bure.

Hata bure! Nani anakataa cha bure?

Jumamosi, 13 Julai

Sijamwamini. Nimefunga duka mapema, nije nisikie kwa masikio yangu. Mama yuko uani anabangua korosho. Nimevuta kigoda, naandikia gotini. Mama, hebu niimbie ule wa kuti.

Kakung'uta mikono, kaanza bila kusita, na makofi juu yake, kila mizani na kofi lake, kama zamani. Noa — kofi tupu — teleza kuti. Mdomo saba. Mikono nane!

Nikamwomba arudie. Vilevile. Kofi la tatu halina neno.

Sasa kasimamisha makofi. Kaitazama mikono yake. Kanitazama mimi, kama mteja aliyepunjwa.

"Hapa kuna kitu kimepungua," anasema. "Umekichukua wewe?"