Mgeni wa Kulala Sebuleni

Mama Wakesho,

Salamu nitakupa mwishoni, leo nina maswali. Miezi saba nimekulilia kama mume anavyopaswa kumlilia mkewe, na juma hili nimegundua kuna jambo ulinificha. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na hasira kidogo. Wewe unanijua nikikasirika, mdomo unafungika na kalamu inafunguka.

Nianze na mwanao. Wakesho ametimiza miaka kumi na minane. Nilinunua keki, akaikata, akaniwekea kipande kwenye ile sahani yako yenye ukingo wa bluu, halafu akasema, "Baba, kuna mtu nataka umjue." Nikajua. Miaka kumi na minne nimesimama mlinzi kwenye mageti ya mji huu wa Dubai, na sauti ya mtu anayetaka kupitisha kitu naijua kabla hajafungua mzigo.

Mtu mwenyewe anaitwa Deo. Mtanzania wa Singida, umri miaka kumi na tisa. Anauza kahawa kwenye mkahawa ulio chini ya jengo letu hapa Silicon Oasis, na kulala analala Al Qusais, nyumba ya wafanyakazi, chumba kimoja watu wanane. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, shati limepigwa pasi, akainama akasema, "Shikamoo baba." Nikamwambia mzuri. Kesho yake tukakutana kwenye lifti, shikamoo. Keshokutwa yake napita mkahawani naenda kupanda basi la kazini, shikamoo. Sisi kwetu Taita watu wanasalimiana halafu wanaendelea na shughuli zao. Kijana anayenishika miguu kila nikipita ana jambo. Nikawa namjibu "mzuri" makusudi, kwa sababu niliona nikisema marahaba nitakuwa nimemfungulia geti.

Wiki mbili zikapita, Wakesho akaja na ombi. Unakumbuka ile familia ya Mirdif anakokwenda Jumamosi kuwaangalia watoto wadogo. Basi mama wa kule ana kijana mkubwa, na mpenzi wa huyo kijana analala pale pale nyumbani, kwa ruhusa. Eti madam anasema ni bora awaone kuliko kutojua waliko. Nikamwambia Wakesho hayo ni ya Mirdif. Akasema, "Deo akimaliza zamu ya jioni basi la kampuni yao limeshaondoka. Alale tu sebuleni, Baba. Kwenye godoro la wageni."

Hapo akanipata pabaya, maana lile godoro ni lako. Nusu ya Wataita wa Dubai wamelala juu yake. Aliyefutwa kazi, aliyekuja kwa viza ya matembezi akakosa kazi, binti aliyemkimbia mwajiri wake na mfuko mmoja wa plastiki, wote uliwatandikia bila kuwauliza watakaa siku ngapi. Ukaniambia nyumba isiyolaza mgeni ni stoo tu. Lakini hao walikuja na shida zao. Huyu anakuja kwa sababu ya binti yangu.

Nikakaa nikaandika kanuni. Saba. Mgeni wa kiume mwisho saa tatu usiku. Mgeni akae sebuleni, taa iwake. Mgeni asilale, awe mpenzi, awe rafiki, awe binamu aliyepatikana juzi. Nyingine nilizitoa kazini, nikabadilisha maneno kidogo. Nikazibandika kwenye friji. Wakesho akazisoma amesimama na gilasi ya maji mkononi, akamaliza, akasema, "Mama alikuwa na tatu tu." Akaingia chumbani kwake.

Tatu zipi? Hakuna mtu anayeweka kanuni za jambo ambalo halipo. Nilizunguka na sentensi hiyo siku nne. Nikaanza kuhesabu viatu mlangoni. Nikanusa mto wa sebuleni, Mungu anisamehe, kama mbwa wa uwanja wa ndege. Nikakumbuka mwaka jana nilirudi asubuhi kutoka zamu nikakuta ndala ya kiume imebaki mguu mmoja karibu na rafu, nikakuuliza, ukasema ni ya fundi wa kiyoyozi. Fundi gani anaondoka na ndala moja? Nilikuamini kwa sababu ulikuwa mgonjwa, na kwa sababu ni wewe.

Jumapili iliyofuata Deo alikuja kula mchana. Akaomba kunawa mikono. Mama Wakesho, unaujua mlango wa bafu letu. Umevimba chini, na mtu asipouinua kidogo kwa ncha ya mguu haufungiki wala haufunguki. Kila mgeni lazima akwame, aite, tucheke, tumfundishe. Mchungaji mwenyewe alikwama. Deo alikwenda pale, akatanguliza mguu, akauinua mlango, akaingia, akafunga. Hakuuliza. Hata hakuutazama.

Chakula kilinishinda. Nilikaa nikimwangalia akila wali na kunishukuru, nami nasema moyoni, wewe umeshaishi hapa.

Jioni nikamshukia natur, yule mlinzi wa jengo letu, Mbangladeshi. Nikamwonyesha picha ya Deo kwenye simu. Hakusita. Akasema kwa kile Kiarabu chake cha kubahatisha, akiniita bosi, "Arbab, huyu mtoto wa madam wako. Madam alisema huyu mwanangu, mfungulie mlango. Alikuja kila usiku, wiki nyingi." Mimi ninayelipwa kujua nani kaingia na nani katoka, nikaambiwa habari za nyumba yangu na mlinzi mwenzangu, akiwa ananipa pole ya msiba juu yake.

Nilikufikiria vibaya. Nakuambia wazi kwa sababu huwezi kununa. Nilifikiri ulijua unaondoka, ukaamua kuwaachia watoto nyumba wafanye watakavyo, halafu lawama nibaki nazo mimi. Nilifikiri kwamba ulimpenda yule kijana kuliko ulivyoniheshimu mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nguo yenyewe ni mke niliyemzika kwa mikono yangu. Nikapanda ngazi kwa miguu nikiwa nimeshaamua. Deo hataukanyaga mlango wangu tena, na Wakesho akichagua kumfuata, amfuate.

Wakesho alikuwa jikoni anakatakata sukuma. Nikamuuliza, huyu kijana amelala humu mara ngapi? Hakuacha kukata. Akasema, "Wiki sita, Baba. Mama alipoacha kutembea."

Nikamwambia mama yako hakuacha kutembea. Ndipo akaweka kisu chini.

Aliniambia yote amesimama, hakulia, kama mtu anayetoa ripoti. Kwamba ugonjwa uliposhuka mgongoni miguu yako ilikataa kabisa, na usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Kwamba alijaribu kukubeba peke yake mkaanguka wote wawili koridoni. Kwamba wewe ndiwe uliyemwita Deo, ulikuwa unamjua kwa kukuletea maziwa, ukamwomba mwenyewe. Mmoja alikushika kwapani, mwingine magoti, na aliyeshika magoti ndiye aliyeuinua mlango wa bafu kwa mguu. Alfajiri, kabla basi la kazini halijanirudisha kutoka zamu ya usiku, walikuvalisha, wakakufunga kilemba, wakakukalisha kwenye kiti cha dirishani na kikombe mkononi. Halafu Deo akateremka kwenda kufungua mkahawa.

Nami niliingia nikakuta mke wangu ameamka kabla ya jua. Nilikuwa nakwambia, "Leo uko vizuri." Ulikuwa unacheka. Nikaenda kulala mpaka saa nane mchana, na nikiamka ulikuwa pale pale kitini, nikadhani unapenda dirisha. Mara moja moja nilikupeleka bafuni, uzito wako wote ukanilalia begani, ukaniambia ni kizunguzungu tu. Nikakubali. Mtu anayekagua magari ya watu hadi chini ya viti.

Nikamuuliza Wakesho kwa nini. Akasema ulimwambia nikijua nitaiacha kazi, na viza zetu zote zimening'inia kwenye kazi yangu, tutarudishwa nyumbani sote kabla hajamaliza chuo. Kweli ningeiacha. Ningeiacha siku ile ile, na ninakukasirikia kwa sababu ulinijua hivyo na ukaamua bila mimi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hata kifo hakikukuumbua, umeumbuliwa na mlango wa bafu.

Halafu akanitajia kanuni zako. Deo alale sebuleni kwenye godoro. Mlango wa koridoni usifungwe. Wakesho alale kitandani na Mama. Nikasema hizo ni tatu, na ni nzuri. Akaangalia sukuma zake, akasema kulikuwa na ya nne lakini si ya wageni. "Baba asijue."

Nililia jikoni mbele ya mtoto. Sijui kama ilikuwa kwa uchungu wa kudanganywa au kwa yale maneno yangu ya leo uko vizuri.

Jana nilimwita Deo. Akasimama nje, hakuvua viatu, nadhani alikuwa ameshaambiwa. "Shikamoo baba." Nikamjibu marahaba. Akashtuka, akabaki amekanyaga mkeka wa mlangoni kama aliyeitwa jina la mtu mwingine. Nikamkalisha. Nilikuwa nimepanga maswali mengi, nikamuuliza moja tu, kama ulikuwa mzito. Akafikiri kwanza. Akasema, "Mwanzoni, baba. Mwishoni hakuwa mzito."

Nikaenda bafuni nikakaa huko muda.

Usidhani nimelainika. Bado namshuku. Kubeba mgonjwa ni jambo moja na kumpenda binti yangu ni jambo lingine, na kijana mwema ana mikono miwili sawa na kijana mbaya. Nimewaambia wote wawili pamoja: nikiwa zamu ya usiku, mwanamume halali humu, na hilo usinibishie hata wewe. Nikiwa nyumbani na basi likamwacha, godoro lipo sebuleni, mlango wa koridoni utakuwa wazi, na mimi nitakuwa nalala jicho moja. Nitaendelea kumshuku mpaka siku atakapowaleta wazazi wake kutoka Singida waseme walilokuja kusema. Hata siku hiyo nitawauliza maswali. Wakesho alitikisa kichwa akasema, "Sawa, Baba, mlinzi ni mlinzi," na akatabasamu lile tabasamu lako la kuniacha nishinde.

Karatasi yangu ya kanuni saba nimeibandua. Wakesho ameandika zako kwa mkono wake, na kwa kuwa ni mtoto mkweli aliandika zote nne. Ile ya nne nimeikata kwa kalamu, mara mbili, halafu ndipo nikaibandika karatasi. Katika nyumba hii sasa Baba anajua.

Na ule mlango. Uliniomba niutengeneze kabla hata hujaugua, nikawa nasema kesho. Siku yangu ya mapumziko ni Jumamosi. Deo atanishikia ubao, mimi nitapiga randa. Nakuahidi, na safari hii nitatimiza.

Salamu nilizokunyima mwanzoni ni hizi. Pumzika, mke wangu. Wakesho anasoma, nyumba imesimama, kiti chako bado kipo dirishani na hakuna anayekikalia. Siku nitakapokuja huko, usiamke mapema kunivalia vizuri. Usifunge kilemba. Usishike kikombe. Nipokee ukiwa umelala, uniambie unapoumwa.

Wako,
Baba Wakesho