Magoti Meupe ya Kibonge

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo nitaandika kila kitu. Naapa! Hata yale ambayo Mama angesema, hayo ni ya ndani, yaache ndani. Nisipoyaandika nitapasuka.

Leo sikwenda shule. Tena! Bibi wa chumba cha pili, aliyekuwa anatushikia Kibonge, amehamia kwa mwanawe, na Mama hana mtu mwingine wa kumwachia. Kwa hiyo mtu mwingine ni mimi. Kibonge ni mdogo wangu. Hajaanza kutembea, lakini anatambaa kama anafukuzwa na mbwa. Nampenda. Leo nimemchukia kidogo, kuanzia pale alipoitafuna rula yangu.

Wakati mimi nabadilisha nepi, wenzangu walikuwa kwenye somo la uraia. Na mada yenyewe? Sera ya taifa kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia! Rafiki yangu aliniletea daftari lake jioni nikanakili. Kiwanda kikubwa kitenge chumba cha watoto, chenye mlezi. Anayenyonyesha apewe muda. Mtoto akiugua, baba au mama aruhusiwe kubaki naye. Nilinakili kwa mwandiko mzuri kabisa na kupiga mistari kwa rula iliyotafunwa.

Nikamsomea Mama, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Anafunga sabuni kiwandani, amesimama kutwa. Alicheka mpaka maji yakamwagika. Chumba kipo, mwanangu, alisema. Kimeandikwa hata mlangoni: CHUMBA CHA WATOTO. Ndani makatoni ya sabuni mpaka darini.

Sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Sikwenda. Kibonge amelala. Nina hasira. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Baba amerudi safari. Anaendesha lori, tunamwona kama mgeni. Nilisubiri ale ashibe, ndipo nikamwambia kwa heshima zote kwamba sera haisemi "mama," inasema "mfanyakazi." Kwa hiyo na yeye ana majukumu ya familia.

"Yangu yana magurudumu kumi na nane," alisema.

Nikamwambia kwamba angeweza kuomba ruhusa siku moja, ili mimi niende shule.

"Nimpigie bosi simu nimwambie mtoto anaharisha? Ataniuliza kama siku hizi nanyonyesha!"

Alicheka peke yake. Mama alikuwa anakunja nguo, akazikunja kwa kishindo. Sijui mtu anakunjaje nguo kwa kishindo, lakini Mama anaweza. Baadaye Baba alinyanyuka mwenyewe, akamwogesha Kibonge, shati lake likalowa chepechepe. Alimwogesha vizuri, hata nyuma ya masikio. Kumbe anajua! Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote.

Ijumaa, 7 Machi

Baba kaondoka alfajiri. Mchana mwalimu wa uraia alipita nyumbani. Alinikuta nimempakata Kibonge, sufuria jikoni, kitabu sakafuni. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alisema mkuu wa shule hatawasajili kwa mtihani wa taifa wanafunzi watoro, na jina langu limeshatajwa.

Mtoro! Mtoro ni yule anayekwenda mtoni kuogelea. Mimi niko hapa na nepi mkononi.

Mwalimu alitazama daftari langu, akasema nimeelewa somo vizuri kuliko waliokuwepo. Nikamwambia ndiyo, mwalimu, nafanya kwa vitendo. Akalifunga daftari taratibu. Nadhani ilimchoma. Sikukusudia yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekasirika, mwandiko utakuwa mbaya.

Kesho mkaguzi wa kazi anakuja kiwandani. Msimamizi wao, ambaye wenyewe wanamwita Hakuna Shida kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila shida, amewakusanya kina mama wenye watoto wadogo. Leteni watoto kesho, wamependeza, na dada zao wa kuwashika. Makatoni yamehamishwa. Wamepaka rangi. Wamenunua hadi midoli!

"Na keshokutwa?" nilimuuliza Mama.

"Keshokutwa ni keshokutwa."

Wanatuazima! Kama viti vya sherehe, vikishakaliwa virudishwe. Nikasema siendi. Mama akaweka kikombe chini polepole. Unadhani mimi napenda? alisema. Nikikataa, ni mimi na mlango. Ukiulizwa kitu, jibu kwa adabu na kwa ufupi. Usinitie matatani.

Ametumia pasi kunyoosha kishati cha Kibonge. Kishati cha kutambalia!

Jumanne, 11 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Chumba ni cha manjano, rangi bado inanata. Kuna picha ya tembo imebandikwa juu sana, hakuna mtoto ambaye angeiona, labda abebwe na tembo mwenyewe. Midoli imo ndani ya plastiki. Hakuna Shida alitukataza kuivua. Ichezeeni hivyo hivyo, alisema, inarudi dukani. Alisema wazi, mbele yetu, kama sisi ni ukuta.

Watoto wote walikuwa wanapiga chafya. Mmoja akimaliza mwingine anapokea. Harufu ya sabuni ilikuwa inakaba koo.

Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, miwani, viatu vya kutembelea. Nilimwamkia. Hakuna Shida alikuwa anamwongoza kama bwana harusi.

"Watoto wetu wanashinda hapa kila siku, mheshimiwa. Wamepazoea!"

Kila siku! Na Kibonge, aliyepazoea sana, akachukua safari yake. Alitambaa hadi nyuma ya pazia, pale ambapo fagio halikufika, akatokea upande wa pili magoti meupe pe, viganja vyeupe. Akapiga chafya moja kubwa, akakaa.

Mkaguzi aliinama. Akampangusa goti kwa kidole, akanusa.

"Sabuni ya unga," alisema. "Hapa mnalea watoto au mnawafua?"

Mtu mmoja alicheka, akakatisha. Hakuna Shida akasema hakuna shida, ni usafi tu, wanadeki kwa sabuni. Mkaguzi akanigeukia mimi. Na wewe binti, husomi?

Ukuta una dirisha la kioo, limefunguliwa kutoa harufu ya rangi. Nilimwona Mama kwenye mashine yake, kitambaa kichwani, mikono inafunga sabuni bila yeye kuitazama. Alikuwa ananitazama mimi. Alitikisa kichwa kidogo sana: hapana.

Nikajibu kwa adabu na kwa ufupi, kama nilivyoagizwa.

"Nasoma. Samahani, naomba kuuliza. Na kesho patakuwa wazi?"

Chafya zilikoma.

"Mjibu mtoto," mkaguzi alimwambia Hakuna Shida.

"Kesho? Kila siku! Kesho, keshokutwa, hakuna shida!" Jasho lilikuwa linamtoka kama yeye ndiye anayefuliwa.

"Nimesikia," alisema mkaguzi. "Na hawa wote wamesikia."

Alipoondoka tu, midoli ikaanza kukusanywa. Hakuna Shida alimpitia Mama akamwambia: binti yako ana mdomo, mama. Haya.

Mama hajasema nami tangu turudi. Amenipakulia chakula, akakisukuma upande wangu wa meza. Nilimwambia sikudanganya wala sikumshtaki mtu. Nimeuliza tu! Magoti ya Kibonge ameyaosha mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Shuleni. SHULENI! Naandika wakati wa mapumziko.

Asubuhi Mama alinivuta blanketi. "Vaa sare."

"Na Kibonge?"

Kibonge alikuwa ameshafungwa mgongoni mwake, anatafuna ncha ya kitambaa.

"Hakuna Shida amesema kila siku, mbele ya serikali," Mama alisema. "Na mimi nina masikio. Leo si siku?"

Nikamuuliza, wakikuzuia? Akasema wakinizuia, wanizuie watu wakiona. Sauti yake ilitetemeka kidogo, akajifanya anakohoa. Sikumwambia kwamba nimesikia. Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa, nikamfunga kamba za viatu kwa sababu hawezi kuinama na mtoto mgongoni.

Kwenye kona ya barabara alikuwa amesimama mwenzake wa mashine ya pili. Mtoto mgongoni. Halafu akatokea mwingine. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Walikwenda.

Sijasikia hata neno moja la hisabati.

Mwalimu wa uraia ameniazima simu yake. Kiwandani simu za wafanyakazi huachwa kwa mlinzi wa lango mpaka mapumziko, na mapumziko yao yameshaanza, najua, nimetazama saa. Kengele yetu inalia. Mwalimu amesema nibaki nayo tu. Nimeandika:

Mama, ni mimi. Wamefungua mlango wa chumba? Nijibu sasa hivi.