Mapazia ya Shule na Tiketi ya Chiriku

Chumba cha nyuma, karakana ya ushonaji,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Sikukusahau, wala sikununa. Tuseme nilinuna kidogo, na nitakueleza kwa nini. Barua hii nimeianza sijui mara ngapi. Nikiandika kwamba shule inafungwa, kesho yake tunaambiwa haifungwi. Naichana, naanza upya kwamba watoto wanasoma vizuri, na kabla sijageuza ukurasa simu inalia: wazazi tusubiri tangazo. Nimechoka kuchana karatasi. Leo nakuandikia hivi hivi, ya kesho siyajui.

Na usiniulize kwa nini sikupigi simu. Kwenye simu hunipi nafasi nimalize sentensi, tangu tukiwa watoto. Ukishasema "hebu nisikilize, mdogo wangu", najua nimeshashindwa. Kwenye karatasi itabidi unisikilize wewe.

Hamjambo huko? Shemeji kikohozi kimemwacha? Na mgongo wako je, au bado unabeba ndoo mbili mbili kama msichana? Mapacha nawaona kwenye picha wamerefuka mpaka suruali zimewakimbia vifundo. Waambie mama yao mdogo ni fundi, waache kujiaibisha mbele za watu.

Sisi hatujambo, kwa maana kwamba hakuna aliyelala kitandani. Mama mkwe alipata mafua tukashikwa na hofu, tukamtengea kikombe chake na sahani yake. Akasema tunamtenga kama mwizi wa kuku. Yakawa mafua tu. Siku alipoanza kunigombeza kuhusu chumvi ndipo nilipojua amepona. Baba Chiriku yuko na lori lake barabarani, kila kizuizi wanampima. Anasema pua yake siku hizi inajulikana kuliko leseni yake.

Mtoto wako Chiriku hajabadilika, anaongea kuanzia anapofumbua macho mpaka usingizi unapomkatia neno katikati. Lakini Dada, anasoma. Anasoma mifuko ya saruji, anasoma pakiti ya chumvi, anasoma mlango wa kinyozi. Anaweka kidole, na akifika kwenye neno refu anashusha pumzi kwanza kama mtu anayetaka kupanda ngazi. Unakumbuka shule zilipofungwa mara ya kwanza kwa ajili ya ugonjwa huu? Alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Zilipofunguliwa alikuwa hajui tena tofauti ya b na d. Tulianza kama hatujawahi kuanza. Ndiyo maana safari hii neno kufungwa sitaki hata kulisikia.

Sasa nikueleze ya huku, maana najua umesikia ya mama mkwe, na ya mama mkwe yana chumvi nyingi kuliko hiyo anayonigombeza.

Shule ya Chiriku haijafungwa. Wala siwezi kukuambia iko wazi kama unavyoijua wewe shule. Leo wanakwenda wote, kesho nusu, keshokutwa nusu nyingine. Ukimuuliza mwalimu mkuu, anakujibu, "Tunasubiri maelekezo." Amelisema neno hilo mpaka watoto wanalichezea. Juzi nimemwambia Chiriku aoshe vikombe, akanijibu, "Mama, nasubiri maelekezo." Nilitaka kumchapa, nikacheka, kisha nikakaa kwenye ngazi nikajisikia vibaya.

Huku kazini ndiyo usiseme. Kila mzazi anayeleta kitambaa cha sare ananiambia niache pindo kubwa, maana nani ajue mtoto ataivaa mwaka gani. Bosi wetu, yule mzee tunayemwita Mkasi, ananung'unika kwamba siku hizi hatushoni sare, tunashona mahema. Na wote wananiuliza mimi. Kwa kuwa karakana inashonea shule, wanadhani cherehani yangu inajua. "Shule wameagiza sketi mpya? Basi hawafungi." "Hawajaagiza? Basi wanafunga." Wamekuwa kama watu wanaotazama mawingu.

Katika hali hiyo ndipo yakaja mapazia.

Mwalimu mkuu alitaka madirisha ya madarasa yakae wazi kutwa, hewa ipite, shule isipate sababu ya kufungwa. Mapazia yakawa yanapepea na kuwafunika watoto wa dirishani. Akayashusha yote akatuletea tuyakate barakoa za watoto. Jambo zuri, la mtu anayehangaika shule yake ibaki. Nikayarundika karibu na cherehani, rundo la kijani limefika kiunoni.

Akaingia mzazi mmoja wa darasa la pili, tunamwita Mama Redio, kufuata suruali ya mumewe. Akaliangalia rundo. "Haya si mapazia ya shule?" Mimi nimeshusha barakoa kidevuni, nina pini mdomoni, napima mkono wa shati la mteja. Nikaitikia kwa kichwa. Nilipotoa pini nimweleze, ameshatoka, hata suruali ameisahau.

Jioni kwenye kundi la wazazi ukaja ujumbe wake wa sauti. Nakuandikia kama alivyosema: "Wazazi wenzangu, nimeyaona kwa macho yangu haya. Mapazia yote yako kwa fundi. Mtu anayetaka kuendelea kukaa kwenye nyumba hashushi mapazia." Basi. Ujumbe ukapita kutoka simu hadi simu kama moto kwenye nyasi kavu. Mimi niliuona nikiwa nimeshachelewa, nikaandika kwamba mapazia ni ya kushona barakoa. Mmoja akanijibu, "Fundi, hata wewe wamekukataza kusema?" Ungenijibia nini hapo?

Jumatatu darasa la pili waliokuja walienea kwenye madawati ya mbele tu. Chiriku alirudi ameshangaa, anasema mwalimu alisema maneno yote kwa sauti ya chini kama msibani. Kisha likaja la kuniudhi kuliko yote. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba wakubwa wake wakiona madawati matupu, shule yetu itakuwa ya kwanza kufungwa, na walimu watapelekwa kwingine. Yaani tulivyoogopa kufungiwa, tukakaribia kuifunga wenyewe.

Katika siku hizo hizo mama mkwe naye akakupigia simu bila kuniuliza, akakwambia shule imekwisha na mtoto anazurura. Hajazurura hata siku moja, Dada. Siku zisizo zamu yake alikuwa anakaa chini ya meza ya kukatia, nikimwona.

Nawe ukanitumia ule ujumbe. Kwamba umeshakata tiketi ya Chiriku, kwamba wewe ni mwalimu na shule yako imefungwa kwa hiyo una nafasi, kwamba nyumba ni kubwa. Yote hayo ni kweli na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Lakini mwisho ukaandika, "Wewe na cherehani yako utamfundisha nini?" Hapo ndipo niliponuna. Najua uliandika haraka. Najua hukutaka kuniumiza. Ila nililisoma neno hilo nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshalisoma mpaka nimelikariri.

Na bado nilikaribia kukubali. Nikuambie ukweli, nilimtolea nguo zake nikazikunja kitandani. Nilikuwa nimechoka. Kila asubuhi naamka sijui mtoto anakwenda shule au anakwenda nami, sijui nipike cha kubeba au cha kubaki, sijui Mkasi nimwambie nini. Nikasema bora aende kwa mama yake mkubwa, angalau pale kuna mtu anayejua anachofanya.

Chiriku akaingia, akaona nguo. Safari hii hakuongea sana. Aliuliza moja tu: "Kwa mama mkubwa nitakaa mpaka lini?"

Nikafungua mdomo. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Tutasubiri tuone."

Dada, lilinitoka hilo hilo. Neno la mwalimu mkuu, neno la matangazo ya redio, neno linalonifanya niume meno kutwa nzima, nimelichukua nikampa mtoto wangu. Akaitikia "haya", akakaa pembeni ya nguo zake, akaanza kung'oa uzi kwenye soksi. Akawa amenyamaza. Chiriku, amenyamaza.

Nikazirudisha nguo mahali pake.

Fikiria barabara zikifungwa tena. Mtoto wa jirani yetu alipelekwa kwa bibi yake kwa wiki moja, ile mara ya kwanza, barabara zikafungwa akiwa huko. Aliporudi alikuwa amebadilisha meno ya mbele yote na mama yake hakuona hata moja likitoka. Siwezi. Mimi sijui shule itafungwa lini, sijui itafunguliwa lini, sijui baba yake atalala wapi kesho. Lakini mtoto akiniuliza atalala wapi yeye, hilo nataka nimjibu bila kufikiri. Kwetu. Nimeshamwambia, na alipoamka asubuhi aliongea mpaka mama mkwe akatoka nje kutafuta utulivu.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, usilibishie: Chiriku haji. Haji wiki hii, haji shule ikifungwa. Tiketi irudishe. Usimpigie mama mkwe kutafuta njia ya nyuma, na yeye nimeshazungumza naye.

Alhamisi tuliitwa mkutano, uwanjani, kila mtu mbali na mwenzake, kwa hiyo ilibidi kupiga kelele hata kwa maneno ya kawaida. Mama Redio akasema hakusema shule imefungwa, alisema mapazia yameshushwa. Baba mmoja muuza viatu akamuuliza, "Na mimi kazini nikaombe ruhusa ya mapazia?" Mwalimu mkuu alipoanza na maelekezo yake, muuza viatu akamkatiza: "Mwalimu, hayo maelekezo yanakuja kwa miguu?" Watu wakacheka, hata mwalimu mwenyewe, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu asiyelala.

Unajua mimi kwenye mikutano nakaa nyuma. Siku hiyo nilikwenda mbele na mfuko wangu. Nikasema, mapazia mnayoyasema ni haya, nikaanza kugawa barakoa za kijani, moja kwa kila mtoto, na ya mtoto wa Mama Redio nikampa mwenyewe mkononi. Akaigeuza, akaangalia mshono, akasema, "Umeshona vizuri lakini." Hiyo kwake ni kuomba radhi. Kesho yake watoto waliongezeka. Hawajarudi wote. Mwalimu mkuu aliniita pembeni akanishukuru, kisha akaniambia polepole kwamba mwisho wa mwezi shule itakuwaje, hata yeye hajui.

Basi nisingoje ajue. Nimepanga hivi. Shule ikiwa wazi, anakwenda. Shule ikifungwa, anakuja nami karakanani. Nimemwambia Mkasi, na asubuhi nikakuta amesogeza majora ya vitambaa kutoka kona ya dirisha. Nimepigilia kipande cha kitambaa cheusi cha suti kwenye ubao, Chiriku anaandika juu yake kwa chaki ya fundi, akimaliza tunafuta kwa brashi ya nguo. Herufi zinaonekana vizuri tu. Jana aliandika jina lako. Lilipinda, lakini halikukosa herufi.

Umeniuliza nitamfundisha nini. Kusoma nitaweza, nikiwa na cha kumsomesha. Hesabu zangu ni za futi ya kupimia, na hapo nitakwama mapema. Hapo ndipo nakuhitaji, Dada, kuliko nilivyowahi kukuhitaji. Nifundishe mimi ili nimfundishe yeye.

Baba Chiriku atapita kwenu na lori akirudi. Atakaa getini, hataingia, usimlazimishe chai ndani. Mpe vitu nilivyoviandika hapa chini, na umpe vyote mkononi mwake, maana akiambiwa "vipo pale" anaviacha.

Nisalimie shemeji, umwambie anywe maji moto. Nisalimie mapacha, na shangazi wa ghorofani, na yule mzee mlinzi aliyenifungulia lango usiku ule wa mvua, kama bado yupo. Mama mkwe anakusalimu, kwa aibu kidogo. Mungu awaweke wazima, na siku mlango wenu ukibishwa uwe ni ugeni wa heri.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikinuna,
Mama Chiriku.

Vya kumpa Baba Chiriku:

Kitabu cha kusoma cha darasa la pili. Kilichochanika pia kinafaa, mradi kurasa za mwanzo zipo.

Kitabu cha hadithi, chochote, chenye maandishi makubwa. Pakiti ya chumvi ameshaimaliza.

Penseli, na kichongeo kinachokata, si kama kile cha mwisho.

Daftari la mistari mipana.

Zile kadi zako za silabi, ulizokuwa ukiwafundishia mapacha, kama hawajazitafuna.

Karatasi utakayoiandika kwa mkono wako jinsi ya kutoa kwa kukopa, pale namba ya juu inapokuwa ndogo na inabidi uende kwa jirani yake. Uiandike hatua kwa hatua, usiruke kitu, kama unavyomwandikia mtu ambaye siku somo hilo lilipofundishwa hakuwepo darasani.