Ijumaa Nitakupigia

Khujand, 9 Oktoba

Kaka Siyovush,

Twakusalimu sote. Aprikoti zimekauka vizuri juu ya paa, na goti la mama limepata nafuu kidogo. Barua hii anakuletea dereva Rahmatjon mkono kwa mkono. Ukishaisoma, ichome.

Jumatatu niliitwa kituo cha polisi. Afisa alinimiminia chai, akatabasamu.

"Dada, mafuta ya mkia wa kondoo hayatibu goti. Mpeleke mama kwa daktari, usimpake kama sufuria."

Kaka, habari ya mafuta yale nilikuambia wewe peke yako, kwa simu. Chai ilinimwagikia mapajani.

"Mbona wamwaga chai? Hapa ni kwenu," akasema. "Kaka yako aliyetuandika vibaya gazetini anakaa mtaa gani huko Istanbul? Hujui? Basi Ijumaa utampigia umuulize. Mimi nitakaa kando yako."

Kwa hiyo nitakupigia. Nitakuuliza kwa sauti hii hii uliyoizoea, na mama naye watampa simu akubembeleze useme. Yeye sijamwambia kitu, kwa hiyo atalia kweli.

Utudanganye sote wawili, mimi na mama: taja mtaa usiokaa.

Mdogo wako akuombeaye,
Mehrangez